Franz Liszt, Fundi wa Piano

Tarehe 22 Oktoba, mwaka 1811, mtoto mwanamume alizaliwa katika kijiji cha Raiding, ambacho siku zile kilikuwa katika nchi ya Hungaria, na sasa kimo katika Austria. Jina lake Franz Liszt. Baba yake, Adam, alikuwa mtumishi wa mkuu mmoja tajiri, na kazi yake ilikuwa kusimamia kondoo. Hakuwa mtu wa mali, lakini alipenda sana muziki. Akamfundisha mwanawe kupiga piano, yaani kinanda kikubwa chenye nyuzi ndani, ambazo hugongwa kwa nyundo ndogo mpigaji anapobonyeza kwa vidole.

Mtoto alijifunza upesi. Mwaka 1820, alipokuwa na umri wa miaka tisa, alipiga mbele ya watu, na makabaila wa Hungaria waliomsikia wakaahidi kumsaidia kwa fedha muda wa miaka sita ili apate kusoma. Basi mwaka 1822 wazazi wakahama pamoja naye, wakaenda Vienna. Huko alikuwako mwalimu hodari, Carl Czerny, ambaye zamani alifundishwa na Beethoven. Czerny aliona ya kuwa mtoto ana kipaji kikubwa, ila anapiga ovyo. Akamrudisha kwenye mazoezi ya mwanzo. Hata Adam alipotaka kumlipa, mwalimu alikataa. Mwalimu mwingine, Antonio Salieri, akamfundisha kutunga muziki, naye pia hakutaka malipo.

Mwaka 1823 wakasafiri mpaka Paris. Chuo kikubwa cha muziki kilimkataa Franz, kwa kuwa yeye ni mgeni wa nchi. Hata hivyo akapata sifa nyingi mjini. Lakini mwaka 1827 baba yake akafa, na kijana wa miaka kumi na mitano akabaki na mama wa kumtunza. Akawa akifundisha watoto wa matajiri toka asubuhi hata jioni.

Mwaka 1832 alimsikia Paganini, mpiga fidla mkuu wa Italia. Akaazimu kuwa katika piano kama Paganini alivyokuwa katika fidla, akafanya mazoezi saa nyingi kila siku. Baadaye akazunguka Ulaya, na kila mji watu wakasongamana kumsikia. Akapata fedha nyingi, lakini hakuzishika kwa mikono miwili. Mwaka 1838 mto Danube ulipofurika na kuharibu mji wa Pest, habari zilimkuta Italia. Mara akaenda Vienna, akapiga piano mbele ya watu mara kadhaa, na fedha akawapelekea waliopatwa na msiba ule. Tena alitoa fedha nyingi ili sanamu ya Beethoven isimamishwe katika mji wa Bonn, mwaka 1845.

Mwaka 1847, hali akiwa bado kijana na sifa zake zimeenea pote, aliacha kupiga piano kwa malipo. Mwaka uliofuata akakaa Weimar, katika Ujerumani, akiongoza wapigaji wa mtawala wa huko na kutunga muziki. Watungaji wengine aliwasaidia pia. Mwaka 1850 Richard Wagner alikuwa mkimbizi, naye Liszt akaongoza kazi yake mpya, Lohengrin, ikasikiwa kwa mara ya kwanza.

Hata uzeeni vijana walimjia kutoka Ulaya na Marekani ili wafundishwe. Liszt aliwafundisha bila ada, kama yeye mwenyewe alivyofundishwa Vienna. Alipendelea nchi yake ya kuzaliwa, ingawa tangu utoto alisema Kijerumani, wala Kihungaria hakukijua vizuri. Chuo cha muziki kilipofunguliwa Budapest mwaka 1875, yeye aliwekwa kuwa mkuu wake wa kwanza, na kila mwaka alikwenda kufundisha huko.

Alikufa tarehe 31 Julai, 1886, katika mji wa Bayreuth, mwenye umri wa miaka 74. Chuo kile cha Budapest chaitwa kwa jina lake hata leo. Wema hauozi: ada ambayo Czerny hakuipokea kwa msimamizi wa kondoo ililipwa baadaye kwa wanafunzi mamia, wa nchi nyingi.