BIBI HALIMA WA BANI SAAD, MLEZI WA MTUME (S.A.W.)

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Bibi Halima, binti wa Abu Dhuayb, alikuwa wa kabila la Bani Saad katika Hawazin, na mumewe aliitwa Harith. Makazi yao yalikuwa jangwani. Ilikuwa ada ya wakubwa wa Makka kuwapa wanawake wa jangwani watoto wao wachanga wawanyonyeshe, wapate hewa safi na lugha fasaha, kisha wawarudishe kwa mama zao.

Alipozaliwa Mtume Muhammad (s.a.w.), yapata mwaka 570 wa Masihi, Bani Saad walikuwa katika njaa. Halima akaenda Makka pamoja na wenziwe kutafuta mtoto wa kunyonyesha, amepanda punda dhaifu, na mwanawe mwenyewe halali usiku kwa kukosa maziwa. Kila mwanamke aliyeonyeshwa Muhammad alimkataa, kwani alikuwa yatima, na ujira hutumainiwa kwa baba. Hata wenziwe wote walipopata watoto, Halima akaona haya kurudi mikono mitupu. Akashauriana na mumewe, akamtwaa yatima yule. Wapokezi wa sira wamesimulia kwamba tangu siku ile maziwa yalimjaa, na kondoo zake wakarudi malishoni wameshiba.

Miaka miwili ilipotimia alimwachisha ziwa, akampeleka kwa mamake, Bibi Amina. Hapo ndipo moyo wake ulipopata mtihani, kwani alimpenda, na nyumba yake ilipata baraka kwa ajili yake. Lakini hakumficha. Alimwomba mamake kwa adabu amwachie tena, akataja maradhi yaliyokuwako Makka, na Amina akaridhia. Aliyeomba ni mlezi. Aliyetoa idhini ni mzazi.

Halafu likatukia lile jambo la kupasuliwa kifua. Halima na Harith wakaogopa mtoto asije akapatwa na dhara mikononi mwao, wakamrudisha Makka. Amina akastaajabu, akamdadisi Halima hata akaeleza yote. Basi akampokea mwanawe wala hakuogopa. Walikaa pamoja muda mchache tu. Mtoto alipokuwa wa miaka sita, Amina alifariki Abwa, katika safari ya kutoka Yathrib, na Umm Ayman, mwanamke wa Kihabeshi, akamfikisha Makka kwa babu yake. Lau Halima angalimzuia, mtoto asingalipata siku zile chache na mamake.

Mtume hakusahau wema ule. Baada ya kumwoa Bibi Khadija, Halima alimjia kushitaki ukame, na Khadija akampa kondoo 40 na ngamia. Na mwaka wa 8 wa Hijra (630), baada ya vita vya Hunayn, Shayma binti Halima aliletwa miongoni mwa mateka. Mtume akamtandikia shuka yake, akamkalisha juu yake. Hawazin nao wakaombea kwa udugu wa ziwa, na mateka wao yapata 6,000 wakaachwa huru.

Ziwa, basi, lafanya udugu, lakini haliondoi nasaba. Mwanamke wa Kivukoni aliyeachiwa mtoto na mwenziwe aliyevuka mto Kilombero kwenda kulima mpunga, au aliyeshikwa na maradhi, na aifuate njia ya Bibi Halima: ampende kama wake, amtajie mamake kwa wema, na siku mamake ajapo, amkabidhi amana yake.

Wabillahi tawfiq.