Charles Byrne, mtu mrefu aliyeomba kuzikwa baharini

Leo tunamtazama Charles Byrne, aliyezaliwa Ireland mwaka 1761. Urefu wake ulikuwa kama mita 2.31, milango ya nyumba zetu nyingi angeipita kwa kuinama sana. Mwaka 1782 alikwenda London, na watu wakalipa kiingilio kumwangalia tu.

Byrne alijua kuwa madaktari wanaumezea mate mwili wake. Aliwaomba rafiki zake, akifa, wamzamishe baharini ndani ya jeneza zito. Alifariki Juni 1783, akiwa na miaka 22. Lakini daktari wa upasuaji John Hunter aliupata mwili kwa fedha, akaacha mifupa mitupu. Mchoraji Joshua Reynolds alipochora picha ya Hunter, miguu ya mifupa hiyo ilining'inia pembeni, kama pambo.

Mwaka 1909 fuvu lilifunguliwa, zikaonekana dalili za uvimbe katika tezi iliyo chini ya ubongo. Ndio uliomrefusha. Faida kwa tiba ilikuwepo, hatukatai, ila mwenyewe alishakataa. Makumbusho yenye jina la Hunter yalipofunguliwa upya mwaka 2023, mifupa haikuonyeshwa tena. Imehifadhiwa kwa utafiti, baharini haijafika.