Mohammad Natsir: Waziri Mkuu Aliyeipeleka Hoja ya Uislamu Kwenye Sanduku la Kura

Mohammad Natsir alizaliwa tarehe 17 Julai, 1908 huko Alahan Panjang, Sumatra Magharibi, Indonesia ikiwa bado koloni la Uholanzi. Alipomaliza masomo mjini Bandung aliacha nafasi ya kusomea sheria, akachagua ualimu na uandishi wa masuala ya dini.

Baada ya uhuru kutangazwa mwaka 1945, alikabidhiwa Wizara ya Habari. Waliomtembelea ofisini walistaajabu kumkuta Waziri amevaa shati lenye viraka. Sisi tulio katika kazi ya habari za Serikali tunayo sababu ya kulikumbuka shati hilo.

Tarehe 3 Aprili, 1950 aliwasilisha bungeni hoja iliyofungua njia ya kuunganisha majimbo ya shirikisho kuwa dola moja, na mwezi Septemba akawa Waziri Mkuu. Serikali yake haikumaliza mwaka.

Natsir alitaka dola isimame juu ya msingi wa Uislamu, lakini alishikilia kuwa msingi huo upatikane kwa ridhaa ya wapiga kura. Katika uchaguzi wa mwaka 1955, chama chake cha Masyumi kilipata viti 57 kati ya 257. Katika Bunge la Katiba, palipohitajika theluthi mbili ya kura, upande wake haukufikia idadi hiyo; wala wapinzani wake hawakuifikia. Mjadala ulikuwa mkali, ila ulikuwa mjadala.

Doa liliingia mwaka 1958. Rais Sukarno alikuwa akilidhoofisha Bunge, na Natsir, akiwa amekimbilia Sumatra, alijiunga na serikali ya waasi iliyotangazwa Padang mwezi Februari. Madhila aliyotendewa Jakarta yalikuwa ya kweli, lakini hayatoshi kumtetea: muumini wa kura alisimama upande wa bunduki. Mwaka 1959 Sukarno alilivunja Bunge la Katiba, na mwaka uliofuata Masyumi ikapigwa marufuku. Natsir alijisalimisha, akafungwa hadi mwaka 1966.

Utawala wa Suharto nao haukumrejeshea chama chake. Mwaka 1980 alitia saini waraka wa watu 50 waliomkosoa Rais huyo, pamoja na Jenerali Nasution, aliyekuwa mkuu wa jeshi lililowazima waasi wa Sumatra. Kwa ajili ya saini hiyo Natsir alizuiwa kusafiri nje ya nchi.

Alifariki dunia Jakarta tarehe 6 Februari, 1993. Mwaka 2008 Serikali ya Indonesia ilimtangaza kuwa Shujaa wa Taifa.