Maria Agnesi, Profesa wa Hesabu

Binti mmoja hapa Kasense aliniambia eti hesabu ni za wavulana. Nikamsimulia habari za Maria Gaetana Agnesi, aliyezaliwa Milan, Italia, 1718. Kwao walizaliwa watoto 21. Yeye, kifungua mimba, akawa mwalimu wa wadogo zake. Mwaka 1748 alitoa kitabu cha hesabu, juzuu mbili, kwa Kiitaliano badala ya Kilatini, ili vijana waelewe. Mwaka 1750 Papa Benedikto XIV akamteua profesa huko Bologna. Hakwenda. Baba yake alipofariki, 1752, aliweka hesabu kando, akawahudumia wanawake maskini na wagonjwa. Mimi hapo huwa nakwama: kipaji chote kile jamani! Alifariki 1799, akazikwa pamoja na maskini, kaburi moja.