Padre Damien wa Molokai

Wazee wetu walituusia kuwa kutoa ni moyo, wala si utajiri. Kila nikiufikiri usia huo humkumbuka Padre Damien, ambaye hakuwa na mali, lakini alitoa kuliko matajiri wengi.

Alizaliwa mwaka 1840 huko Tremelo, katika nchi ya Ubelgiji, akaitwa Jozef De Veuster. Nduguye mkubwa, aliyekuwa padre, alichaguliwa kwenda kuhubiri Injili katika visiwa vya Hawaii, lakini aliugua kabla ya safari. Basi Jozef akaomba aende badala yake. Alifika Honolulu mwezi wa Machi 1864, na mwaka huo huo akapewa upadre.

Wakati huo ukoma ulikuwa umeenea visiwani, na dawa haikuwapo. Tangu mwaka 1866 serikali ya Hawaii iliwatenga wagonjwa katika rasi ya kisiwa cha Molokai, penye bahari pande tatu na mlima mkali upande wa nne. Mapadre wanne walijitolea kwenda huko kwa zamu. Damien alitangulia, mwezi wa Mei 1873; na alipokwisha kuwaona watu wale, akaomba abaki nao.

Siku za kwanza alilala chini ya mkadi. Kisha akashika nyundo na jembe. Alijenga nyumba pamoja na wagonjwa, akaleta maji kwa mabomba, akafunga vidonda, akaunda majeneza na kuchimba makaburi. Chakula alikula nao bakuli moja.

Siku moja, Desemba 1884, alitia mguu katika maji ya moto sana, asisikie maumivu. Ndipo alipojua kuwa naye ameambukizwa. Hata hivyo hakuacha kazi, mpaka alipofariki tarehe 15 Aprili 1889, mwenye umri wa miaka 49. Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa Mtakatifu mwaka 2009.

Wako wasemao kuwa angalijihadhari, angaliishi zaidi na kusaidia wengi zaidi. Neno hilo si la kupuuzwa. Lakini mimi naona hivi: chakula na nguo serikali iliwapelekea wagonjwa wale, ingawa havikutosha, mtu wa kuketi nao hakuna aliyewapelekea. Damien alijitoa mwenyewe.

Siku hizi ukoma unapona kwa dawa. Lakini watu wanaokimbiwa na wenzao bado wako, hata katika mabweni yetu. Kuketi na mmoja wao hakuhitaji fedha.