Pio Gama Pinto: Mwanasiasa aliyekosa kabila la kumpigia kura

Hebu fikiria unataka kuwania ubunge. Swali la kwanza utakaloulizwa mtaani halitakuwa la sera. Utaulizwa wewe ni wa wapi, na nyuma yako kuna kura ngapi. Sasa mtu asiye na ngome, asiye na wazee wa kumtawaza, na ambaye akipita tu watu wanaona Mhindi, ataanzia wapi?

Pio Gama Pinto alianzia chini kabisa. Alizaliwa Nairobi mwaka 1927, wazazi wake wakiwa wametoka Goa, iliyokuwa koloni la Wareno kule India. Akiwa mtoto alipelekwa India kusoma. Huko akajiingiza katika harakati za kuwang'oa Wareno Goa, wakaanza kumtafuta, akarudi Kenya mwaka 1949.

Angeweza kutulia, jameni. Mkoloni alikuwa amepanga watu kwa ngazi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Kijana wa Kigoa aliyesoma alipata kazi ya ofisi na maisha yakasonga. Pinto alikataa ngazi hiyo. Alijifunza Kiswahili, akaandika magazetini, akafanya kazi na vyama vya wafanyakazi, na vita vya Mau Mau vilipoanza akawasaidia wapiganaji kisirisiri.

Januari 1954 alimuoa Emma. Juni mwaka huohuo akakamatwa. Alizuiliwa kisiwani Manda, karibu na Lamu, kisha akapelekwa Kabarnet, na hakuachiliwa hadi mwaka 1959. Hesabu mwenyewe: miezi mitano ya ndoa, miaka mitano kizuizini.

Alipotoka hakudai malipo. Alirudi kwa kazi ile isiyopigwa picha: kuendesha gazeti la KANU, kutafuta pesa za kampeni, kusaidia familia za waliozuiliwa. Jukwaani walisimama wengine, kama Jaramogi Oginga Odinga, rafiki yake mkubwa. Pinto alikuwa yule jamaa wa nyuma ya pazia ambaye bila yeye mambo hayaendi.

Hata bungeni hakuingia kupitia eneobunge. Mwaka 1964 wabunge wenyewe ndio waliomchagua, kupitia viti maalum. Wapigakura wake walikuwa wanasiasa wenzake, na hapo ndipo uwezo wake ulipoonekana. Alijua kuwapanga wabunge, na suala lililomchoma lilikuwa ardhi. Aliona uhuru umekuja lakini mashamba yanahama kutoka mikono ya Wazungu kwenda kwa wakubwa wachache, huku waliopigana msituni wakibaki mikono mitupu.

Februari 24, 1965, alipigwa risasi nje ya nyumba yake Westlands, ndani ya gari, mtoto wake mdogo akiwa pamoja naye. Alikuwa na umri wa miaka 37. Huyo ndiye mwanasiasa wa kwanza kuuawa katika Kenya huru. Kisilu Mutua alifungwa kwa mauaji hayo akakaa jela miaka 35 hivi, akisisitiza siku zote kwamba hakuua. Aliyetoa amri hajawahi kufikishwa kortini.

Linganisha sasa. Tom Mboya alipouawa mwaka 1969, Nairobi na Kisumu ziliwaka moto. J.M. Kariuki alipouawa mwaka 1975, wanafunzi wa chuo kikuu waliingia barabarani. Pinto alizikwa, na nchi ikaendelea na shughuli zake. Emma na binti zake watatu baadaye walihamia Canada. Kile kilichomfanya awe huru, yaani kutokuwa wa kabila lolote, ndicho kilichomwacha bila umati wa kumlilia. Ukitaka kuogofya wabunge wabishi bila kuchokoza jamii nzima, mtu kama yeye ni rahisi kumlenga.

Kwa hivyo, mwanasiasa akikwambia kwamba bila kabila huwezi kufanya lolote Kenya hii, mtajie Pinto. Na ukisikia mtu anayepigania haki yako amekamatwa, usiulize kwanza anatoka wapi. Hilo ndilo swali lililomwacha Pinto peke yake.

Kaburi lake liko City Park, Nairobi. Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais, alitaka azikwe karibu na rafiki yake huyo, na ndiko alikozikwa. Siku ukiwa Parklands na una nusu saa, ingia uwaone.