Tom Mboya: Mwana wa Bweni Aliyekatizwa na Karo

Sisi wa shule ya kutwa tuna tabia ya kuwaonea kijicho wenzetu wa bweni. Ati wao hawanyeshewi asubuhi, hawakimbizani na matatu, na jioni hawana mifugo ya kufungia. Hata mimi nilikuwa na wivu huo, mpaka nilipoanza kusoma habari za Thomas Joseph Odhiambo Mboya. Jina lake wengi wetu tunalijua kwa sababu ya ile barabara ya Nairobi tu.

Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilimambogo, karibu na Thika. Wazazi wake walikuwa Waluo wa kisiwa cha Rusinga, lakini babake, Mzee Leonard Ndiege, alikuwa ameajiriwa kama mnyapara katika shamba la mkonge la mzungu. Basi mtoto huyu alikua katikati ya vibarua wa makabila mbalimbali, na Kikamba kikamkaa ulimini tangu utotoni.

Mwaka wa 1939 alipelekwa shule ya misheni ya Kabaa, Ukambani. Usidhani alikuta madawati! Watoto walikaa chini ya mti, wakajifunza herufi kwa kuziandika mchangani. Mwaka wa 1942 akahamia St. Mary's, Yala, kule Nyanza, na 1946 akaingia Holy Ghost College, Mang'u, katika nchi ya Wakikuyu. Hebu tazama ramani uone umbali huo. Kijana mmoja, shule tatu, na kila mahali watu wapya na lugha mpya. Nafikiri mazoea hayo yalimfaa kuliko somo lolote lililoandikwa ubaoni.

Hapa sasa ndipo kisa kinaponichoma. Mshahara wa Mzee Ndiege ulikuwa mdogo, na nyuma ya Tom walikuwako ndugu wengine waliohitaji kusoma. Karo ikashindikana. Kijana hodari akaondoka Mang'u kabla ya kufanya mtihani wa cheti cha Cambridge. Mwaka wa 1948 akajiunga na mafunzo ya wakaguzi wa afya, si kwa sababu aliota kukagua maziwa na vyoo, la, ila kwa kuwa huko wanafunzi walipewa posho. Katika darasa letu kuna dawati lililo tupu tangu muhula wa kwanza. Mwenyewe alitumwa nyumbani kuleta karo na mpaka leo hajarudi. Kwa hivyo jambo hili mimi silisomi kama historia ya zamani.

Alipohitimu aliajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Siku moja mama mmoja wa kizungu aliingia ofisini, akamwona yeye peke yake kazini, lakini akauliza kama hakuna mtu. Mboya naye akamuuliza kama macho yake yalikuwa na kasoro. Ujasiri huo ulimpeleka kwenye vyama vya wafanyakazi, na mwaka wa 1953, akiwa kijana mbichi, akawa katibu mkuu wa muungano wa vyama hivyo. Baadaye alipata nafasi ya kusoma mwaka mmoja Ruskin College, Oxford, 1955 hadi 1956. Mwaka wa 1957 akachaguliwa kuwa mjumbe wa Nairobi. Katika uchaguzi wa 1961 alimshinda Dakta Munyua Waiyaki kwa kura nyingi mno, na wapiga kura wengi pale walikuwa Wakikuyu. Watu walistaajabu. Mimi sistaajabu sana, maana mtu aliyekula na kulala na watoto wa makabila mengine hatishwi na majina yao.

Lakini kazi yake ninayoipenda zaidi ni ile ya ndege. Wakati huo, kupata nafasi ya chuo kikuu hapa Afrika Mashariki ilikuwa kama kumtafuta kaa mwenye mkia. Mwaka wa 1959 Mboya alizunguka Marekani akiomba vyuo vitoe nafasi na wafadhili watoe nauli. Serikali ya kikoloni haikupendezwa hata kidogo. Hata hivyo, Septemba mwaka huo ndege ilipaa kutoka Nairobi na wanafunzi 81. Mwaka wa 1960 alimwendea Seneta John F. Kennedy, na wakfu wa jamaa ya Kennedy ukatoa dola 100,000 ili ndege zaidi ziende. Miongoni mwa waliosafiri mwaka huo alikuwamo msichana kutoka Nyeri, Wangari Muta, ambaye sisi tunamjua kama Profesa Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya 2004.

Sisemi Mboya alikuwa malaika. Katika siasa za 1966 alikuwa mstari wa mbele kumsukuma Jaramogi Oginga Odinga nje ya chama, na wengine hawajamsamehe. Lakini Mgala muue na haki yake mpe.

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969 alikuwa ametoka duka la dawa katika barabara iliyoitwa Government Road, akapigwa risasi. Alikuwa Waziri wa Mipango ya Uchumi, mwenye umri wa miaka 38. Alizikwa Rusinga. Barabara ile sasa ni Moi Avenue, na tangu 2011 sanamu yake imesimama hapo. Ukishuka matatu mjini siku moja, pitia pale umtazame.